Namna ya kuzitafuta na kuzisoma barua na hotuba za Theodore Roosevelt ukiwa Unguja au Pemba

Ukitaka kujua Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alisema nini hasa, itazame karatasi yenyewe. Siku hizi unaweza kuitazama ukiwa Darajani au Wete, bila ya pasi wala nauli ya ndege, kwa sababu sehemu kubwa ya barua na hotuba zake imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure. Wanafunzi wengi hufika huko bila ya taabu, kisha wakapotea. Wanaandika jina, hawaoni kitu, na wanarudi kwenye nukuu za kuokota kwenye simu. Mwongozo huu ni wa kukutoa hapo.

Kwanza, kwa nini mtu wa visiwani ahangaike na rais huyu. Roosevelt aliacha urais tarehe 4 Machi 1909. Tarehe 21 Aprili mwaka huohuo meli ya Kijerumani iitwayo Admiral ikamshusha Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Akapanda reli hadi nyanda za Kapiti, akawinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, akapita Uganda na kushuka na mto Nile hadi Khartoum, alikofika Machi 1910. Zanzibar haimo katika njia yake. Hata hivyo msafara wake uliendeshwa kwa Kiswahili, na maneno yetu yamo katika maandishi yake yakiwa yameandikwa jinsi sikio lake lilivyoyapokea: yeye ni “Bwana Makuba”, na Kermit ni “Bwana Merodadi”. Msomaji wa Marekani huyapita maneno hayo bila ya kusimama. Wewe unajua mara moja kwamba la kwanza ni mkubwa na la pili ni maridadi. Magazeti ya Marekani nayo yalipenda kumwita “Bwana Tumbo”. Yaandike yote matatu kwenye daftari kwa tahajia hizohizo zenye kosa, kwa sababu ukitafuta “Bwana Mkubwa” hutapata kitu.

Karatasi ziko wapi

Mpaka sheria ya mwaka 1978, karatasi za rais wa Marekani zilikuwa mali yake binafsi, akipenda huzigawa, akipenda huzichoma. Ndiyo maana za Roosevelt zimetawanyika. Fungu kubwa liko Library of Congress, yaani maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington. Alianza kuzipeleka huko mwenyewe mwaka 1917, miaka miwili kabla ya kufa. Ni nyaraka zipatazo 276,000, na picha zake mtandaoni zimepita 460,000. Picha hizo zimetokana na maikrofilamu 485 za zamani, si karatasi zenyewe, kwa hiyo ni nyeusi na nyeupe. Jambo hili lishike: wino wa rangi na alama za kalamu ya risasi huenda usizione kabisa, na ukikuta mstari hafifu usikimbilie kusema umefutwa.

Fungu la pili liko Houghton, maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, na humo ndimo zilimo barua nyingi za kifamilia. La tatu ni Theodore Roosevelt Center katika chuo cha Dickinson State, North Dakota, jimbo alilofuga ng'ombe alipokuwa kijana. Kituo hiki kimekusanya nakala za picha kutoka maktaba mbalimbali na kuziorodhesha barua mojamoja: nani kaandika, nani kaandikiwa, tarehe gani, na muhtasari wa maneno machache. Anza hapo, kwenye theodorerooseveltcenter.org. Ukishapata tarehe na majina mawili, ndipo uende loc.gov, tovuti ya Library of Congress, kutafuta karatasi. Ukianza na loc.gov utachoka bure.

Kwa nini kisanduku cha kutafutia hakikusaidii

Kwenye loc.gov, kitu kimoja katika orodha si barua moja. Ni fungu la picha mia kadhaa, limepewa jina kwa seri (yaani kundi la karatasi za aina moja) na tarehe tu. Jina la aliyeandikiwa halimo katika maelezo ya fungu, hivyo mashine haina cha kukuonesha. Dawa yake ni faharasa. Maktaba ilichapisha faharasa ya juzuu 3 ya karatasi za Roosevelt, nayo inapakuliwa bure. Kila mstari una jina la mtu, tarehe ya barua, nambari ya seri na idadi ya kurasa. Pakua juzuu yenye herufi unayoitaka tu kama bando ni dogo.

Seri zenye manufaa kwa anayeanza ni hizi. Seri 1 ina barua alizopokea, na ndiyo kubwa. Seri 2 ina vitabu vya nakala za barua alizotuma, kuanzia 1897. Seri 3 ina nakala za kaboni za barua alizotuma. Seri 5 ina hotuba na amri za rais. Seri 8 ina shajara zake za ujana, 1878 hadi 1884. Fungua hii ya mwisho japo mara moja, ukurasa wa tarehe 14 Februari 1884, siku aliyofiwa na mama na mke nyumba moja. Ameandika alama kubwa ya mkasi na sentensi moja, basi. Ukurasa ule unakufundisha kusoma kilichoachwa wazi pamoja na kilichoandikwa.

Ukishapata seri na tarehe, fungua fungu linaloibeba tarehe hiyo. Tuseme lina picha 800. Usibonyeze mshale mara mia nne. Tazama anwani juu ya kivinjari: mwisho wake pana sp= na nambari. Badilisha nambari kwa mkono uandike sp=400, ingia, tazama tarehe ya barua iliyopo. Ikiwa umepita, nenda 200. Ikiwa hujafika, nenda 600. Kila hatua inakata nusu, na kwa fungu la picha 800 hatua 10 zinakufikisha. Picha nyingine ni migongo mitupu isiyo na tarehe, hapo sogea moja mbele. Anwani yenye nambari hiyo ndiyo pia ya kumtumia mwenzako au mwalimu, maana inafungua picha ileile.

Katika vitabu vya nakala, tazama kwanza kurasa za mwanzo. Makarani mara nyingi waliweka hapo orodha ya majina kwa herufi, kila jina na ukurasa wake. Nambari hiyo ni ya ukurasa wa kitabu, si ya picha, na hizo mbili hazilingani. Tafuta tofauti yake mara moja kwenye ukurasa wowote, kisha uijumlishe kila mara.

Na kuhusu tarehe: Mmarekani hutanguliza mwezi. Barua iliyoandikwa 4/5/09 ni ya tarehe 5 Aprili 1909, si 4 Mei. Siku zikivuka 12 kosa linajionesha lenyewe. Zikiwa chini ya hapo unaweza kukosea mwezi mzima na usijue, kisha ukashangaa kwamba jibu limetoka kabla ya swali. Andika daima mwaka, mwezi, siku, kwa mfano 1909-04-05. Faida ya pili ni kwamba mafaili kwenye kompyuta yatajipanga yenyewe kwa wakati.

Ujue unatazama karatasi ya aina gani

Hapa ndipo penye elimu hasa, na ndipo wengi wanaporuka. Barua moja ya Roosevelt inaweza kuwepo kwa sura tatu: ile aliyopelekewa mtu, nakala iliyobaki ofisini, na ile iliyochapishwa kitabuni baadaye. Sura hizo hazilingani neno kwa neno.

Chukua kitabu cha nakala. Barua iliandikwa kwa wino maalumu wa kunakilia. Kitabu kilikuwa na mamia ya kurasa za karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Karani aliulowesha ukurasa mmoja kidogo, akauweka juu ya barua, akakinga kurasa nyingine kwa karatasi ya mafuta, akafunga kitabu na kukibana kwenye shinikizo la chuma. Wino ukahamia kwenye ukurasa ule ukiwa umegeuka kama kwenye kioo, na msomaji akausoma kutokea upande wa pili; ndiyo maana karatasi ilikuwa lazima iwe nyembamba. Maji yakizidi, herufi zilitanuka kama tone la chai kwenye kanzu. Yakipungua, nusu ya mstari haikutoka. Kwa hiyo ukikuta ukurasa wenye ukungu pembeni na katikati safi, ujue kasoro ni ya maji, na usimtilie shaka aliyepiga picha.

Kusoma ukurasa wa namna hiyo, pakua picha, igeuze rangi ili herufi ziwe nyeupe juu ya weusi, kisha ongeza tofauti ya mwanga na kiza polepole. Programu yoyote ya picha ya simu inaweza hilo. Usiongeze mpaka mwisho, maana alama za ukurasa wa nyuma zitajitokeza na kuingia katikati ya maneno. Neno lililogeuka kushoto kulia ni la ukurasa mwingine, liache. Katika herufi za taipureta, angalia sana 3 na 8, c na e, n na u. Ukishindwa neno, tafuta herufi hiyohiyo mahali pengine kwenye ukurasa penye neno unalolijua kwa yakini, uzilinganishe.

Jambo zito zaidi ni hili. Roosevelt alizoea kumsomea karani barua, ikapigwa taipu, kisha akaipitia kwa kalamu: akakata neno, akaongeza sentensi pembeni. Marekebisho yakifanywa baada ya nakala kutoka, nakala hainayo. Hivyo nakala ya ofisini inakuonesha alichokisoma kwa karani, na karatasi iliyotumwa inakuonesha alichotaka mwenziwe akisome. Kama hoja yako imesimama juu ya neno moja, haitoshi kutazama nakala. Tafuta karatasi za aliyeandikiwa. Za William Howard Taft, aliyemfuata katika urais, na Elihu Root, waziri wake, zipo Library of Congress hukohuko; za seneta Henry Cabot Lodge, rafiki yake, zipo Massachusetts Historical Society, Boston. Tazama na sahihi pia. Barua nyingi za Ikulu zimetiwa sahihi na katibu wake, William Loeb. Hizo ni kauli za ofisi. Ukiandika “Roosevelt alimwambia fulani” juu ya barua ya Loeb, umekosea.

Kitu kingine kinachowapoteza watu ni tahajia. Mwezi Agosti 1906 Roosevelt aliagiza kiwanda cha uchapaji cha serikali kitumie tahajia rahisi kwa maneno 300 ya Kiingereza. Bunge likakataa Desemba hiyohiyo, naye akaliondoa agizo. Kwa hiyo ukikuta thru, tho au thoro katika karatasi za wakati ule, usisahihishe, na usimlaumu mpiga taipu. Nakili kama ilivyo. Tahajia hiyo ni ushahidi, na wakati mwingine inasaidia kukisia mwaka wa karatasi isiyo na tarehe.

Hotuba si kitu kimoja

Neno hotuba linabeba mambo manne tofauti, na ni lazima useme lako ni lipi: maandishi aliyoyatayarisha, nakala iliyopelekwa magazetini mapema, maneno yaliyonaswa na mwandishi wa hati mkato siku ile, na toleo lililochapishwa baadaye.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Milwaukee, tarehe 14 Oktoba 1912. Alikuwa akigombea tena urais. Akipanda gari kwenda ukumbini akapigwa risasi kifuani. Risasi ilipita kwanza kwenye kasha la chuma la miwani na kwenye hotuba yenyewe, kurasa 50 zilizokunjwa ndani ya mfuko wa koti. Kwa kuwa zilikuwa zimekunjwa, kila karatasi ina matundu mawili, moja juu na moja chini. Akapanda jukwaani damu ikiwa kwenye shati, akasema karibu saa moja na nusu. Sasa, aliyafungua maneno yake kwa kuwaambia watu kwamba amepigwa risasi. Hilo halimo katika kurasa zenye matundu, kwa sababu ziliandikwa kabla. Limo katika hati mkato tu. Anayenukuu ufunguzi ule na kutaja “maandishi ya hotuba” kuwa ndiyo chanzo chake hajaziona kurasa.

Sauti yake nayo ipo. Mwaka 1912 alirekodi sehemu za hotuba zake kwa kampuni ya Edison, kwenye santuri za mviringo zilizofanana na kopo. Santuri moja ilichukua kama dakika 4, kwa hiyo alichokisema pale ni kipande kilichokatwa kiingie. Sikiliza kwa ajili ya lafudhi na mwendo wa sauti. Usiitumie kuthibitisha maneno ya jukwaani.

Na ujumbe wa kila mwaka kwa Bunge, ule wa Desemba? Roosevelt hakuusema kwa mdomo hata mara moja. Tangu 1801 hadi 1913 marais wa Marekani waliuandika na kuupeleka, na makarani wakausoma. Ni maandishi marefu ya sera, mazuri sana kwa utafiti, ila usiandike “alipohutubia Bunge mwaka 1904”. Matini yake yako kamili kwenye tovuti ya American Presidency Project ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, nayo ni mepesi hata kwa mtandao wa kusuasua.

Kwa msomaji wa huku kwetu, hotuba za kusoma mwanzo ni zile za kurudi kwake kutoka Afrika: Khartoum Machi 1910, Cairo 28 Machi kwenye chuo kikuu, Sorbonne mjini Paris 23 Aprili, na Guildhall mjini London 31 Mei. Zisome kwa mfuatano. Ile ya Cairo iliwaudhi sana wazalendo wa Misri, na ile ya Guildhall iliwasifu Waingereza kwa kutawala Afrika Mashariki na kuwataka waishike Misri kwa mkono mgumu. Mtu huyuhuyu aliyeandika kwa mahaba kuhusu wapagazi wake aliamini kwamba wao hawakuwa tayari kujitawala. Usizifiche hizo kwa kumpenda, wala usizisome peke yake kwa kumchukia.

Barua moja kwa karibu

Shika barua ya tarehe 26 Januari 1900, Roosevelt akiwa gavana wa New York, kwenda kwa Henry L. Sprague. Ndimo yalimo maneno yaliyomganda maisha yake yote: anasema daima ameipenda methali ya Afrika Magharibi isemayo Speak softly and carry a big stick, you will go far. Mstari wa kwanza wa barua unataja barua ya Sprague ya tarehe 25. Hiyo ni alama ya njia. Barua iliyotoka imo upande wa alizotuma, na ile iliyoisababisha unaitafuta Seri 1, siku moja nyuma. Fanya hivyo kwa kila barua: ukiona “yako ya tarehe fulani”, iandike pembeni na uitafute. Barua bila ya mwenziwe ni nusu ya mazungumzo.

Kisha linganisha. Tarehe 2 Septemba 1901, sasa ni makamu wa rais, aliyatumia maneno hayohayo jukwaani kwenye maonesho ya jimbo la Minnesota. Hapo ni methali ya zamani tu, Afrika Magharibi haitajwi. Kwa hiyo chanzo cha “Afrika Magharibi” ni barua, si hotuba. Hapo pia ndipo mwisho wa tunachoweza kusema: yeye aliiita hivyo. Kuna wanaoiita methali ya Kiafrika kwa yakini, na wengine wameivisha hata Uswahili. Andika “aliyoiita methali ya Afrika Magharibi”, usizidishe.

Kuitafsiri kunahitaji kutulia. Softly si polepole. Polepole ni mwendo, na hapa hazungumzii mwendo. “Kwa sauti ya chini” inashika sauti lakini inaacha adabu. “Kwa upole” inabeba vyote viwili. Na stick? Bakora kwa Mzanzibari ni ya mzee anayekwenda msikitini au ya mwalimu skuli, inaleta heshima au adhabu ya mtoto. Rungu ni la kupigana moja kwa moja, linavunja maana, kwani silaha ya Roosevelt ilikuwa ya kuonekana mkononi bila ya kuinuliwa. Fimbo inabaki katikati. “Sema kwa upole, na mkononi uwe na fimbo kubwa, utafika mbali.” Barua yenyewe, ukiisoma mpaka mwisho, inahusu mvutano wa ndani ya chama chake New York juu ya cheo cha msimamizi wa bima. Vita na manowari vilikuja kubandikwa baadaye.

Angalia na salamu za mwanzo. Katika Kiingereza cha Marekani cha wakati ule, My dear Mr. Sprague ilikuwa ya heshima na umbali, na Dear Cabot (yaani Henry Cabot Lodge) ilikuwa ya usuhuba. Ni kinyume cha unavyodhania. Ya kwanza ifasiri “Bwana Sprague” tu, na ya pili “Ndugu yangu Cabot”. “Mpenzi wangu Bwana Sprague” ni kosa linaloonekana katika tafsiri nyingi za haraka.

Kupima nukuu iliyokufikia

Nukuu ikija bila ya tarehe, mahali au jina la aliyeandikiwa, iweke kando mpaka uvipate. Ile ya kwamba kujilinganisha na wengine ni mwizi wa furaha inabandikwa jina la Roosevelt kila siku, na haijapatikana katika maandishi yake. Ile ya “fanya uwezalo, kwa ulicho nacho, hapo ulipo” imo kweli katika kitabu cha maisha yake cha 1913, lakini mwenyewe anasema ni maneno ya Bill Widener wa Virginia. Ile ya mtu aliye uwanjani, mwenye vumbi, jasho na damu usoni, ni yake, na imo katika hotuba ya Sorbonne. Nukuu tatu, majibu matatu tofauti.

Kuhifadhi ulichopata

Kwa kusoma, pakua JPEG ya kati. TIFF ni nzito mara nyingi zaidi na haina faida usipokuwa unachapisha kitabu. Ukikadiria nusu megabaiti kwa picha, picha 100 ni megabaiti 50, kazi ya jioni moja. Jina la faili liwe na tarehe, mwandishi, mwandikiwa, seri na nambari ya picha, kwa mpango huohuo siku zote. Ndani ya faili la maandishi weka kiungo chenye sp= na tarehe uliyoifungua. Weka nakala mbili, moja kwenye flashi na moja mahali pengine, kwa sababu chumvi na unyevu wa visiwani havina huruma na flashi.

Ukichapisha karatasini, usifungie kwenye mfuko wa plastiki wakati wa masika. Unyevu ulionaswa ndani unatoa kuvu kama karafuu zilizotiwa guniani kabla ya kukauka. Tumia bahasha ya karatasi, na rafu isiyogusa ukuta.

Kuhusu ruhusa: maandishi ya Roosevelt mwenyewe ni huru kutumia, kwani alifariki tarehe 6 Januari 1919. Barua za watu wengine zilizomo Seri 1 ni jambo jingine. Kwa sheria ya Marekani, barua ambayo haijachapishwa hulindwa miaka 70 baada ya kifo cha aliyeiandika, basi tazama alifariki lini kabla ya kuitoa nzima.

Upande wa kwetu, Kilimani

Wanafunzi huuliza kwa nini hawaoni Zanzibar ndani ya karatasi za Roosevelt wakati Marekani ilikuwa na ubalozi mdogo Unguja. Ni kwa sababu wanatafuta sandukuni kwa mtu binafsi. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ni wa 1833, na balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, alifika 1837. Maripoti ya mabalozi hao yalikwenda Wizara ya Mambo ya Nje, na leo yamo National Archives ya Marekani. Ya kutoka Zanzibar yamepangwa mfululizo hadi 1906. Mwaka huo wizara ilibadilisha mpango wake wa mafaili ukawa wa nambari kwa mada, na ukabadilishwa tena 1910. Kwa hiyo anayefuata Zanzibar katika miaka ya Roosevelt lazima avuke mpaka huo wa 1906: kabla yake unatafuta kwa jina la mji, baada yake unatafuta kwa nambari ya mada.

Upande wa pili uko Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukishaipita Mnazi Mmoja. Gazeti rasmi la Zanzibar lilianza Februari 1892, hivyo miezi ya safari ya Roosevelt, kuanzia Aprili 1909, inaangukia ndani ya uhai wake. Soma ukurasa wa habari za meli pamoja na habari zenyewe. Mafaili ya Sekretarieti yana alama ya AB. Ukikuta karatasi ya Kiarabu au ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kumbuka kwamba mwaka 1327 Hijria ulianza Januari 1909, kwa hiyo safari nzima ya Afrika Mashariki imo ndani ya 1327 na mwanzo wa 1328.

Chukua kitambulisho na barua ya utambulisho ya chuo au skuli yako, na ulizia ada na saa za kufungua kabla ya kutoka nyumbani, hasa ukivuka kutoka Pemba. Nenda na penseli, usiende na kalamu ya wino. Andika alama kamili ya jalada pamoja na nambari ya ukurasa palepale mezani kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, maana alama isipokuwa kamili, itakubidi urudi Kilimani kwa ajili ya mstari mmoja.